Mwalimu Mgeni na Wenyeji Wake: Habari za Walimu wa Kujitolea Katika Nchi ya Ruvuma

Katika mji wetu wa Mtwara, na huku Magomeni tukaako, si ajabu kumwona mwalimu mgeni aliyeacha nchi yake kuja kufundisha bila mshahara, au kwa posho ya kumtosha chakula tu. Watu humtazama akijaribu bei ya samaki, akikosea salamu, akitafuta kivuli saa sita ya mchana, nao husema, "Atazoea." Neno hili ni fupi, walakini ndani yake mna habari ndefu. Azoee nini? Na ni nani wa kumzoeza? Twataka kuyajibu maswali haya kwa kutazama mambo yaliyopita katika nchi hii iliyo kati ya pwani ya Lindi na Mikindani na mto Ruvuma, maana walimu wa namna hii hawakuanza kuja jana.

Kwanza tutazame maneno yenyewe. Jina la mwalimu lilikuwa na mwenyewe huku pwani kabla ya misheni yo yote kufika. Mwalimu alikuwa ni yule afundishaye Kurani chuoni. Yeye alikuwa na haki zake zijulikanazo: wazee wa mtoto walimpa ada, na wanafunzi walimchotea maji, wakamkatia kuni, wakamlimia shamba. Basi walipotokea walimu wengine wasiotaka ada, watu hawakufurahi tu. Walishangaa, na wengine waliingiwa na shaka. Mtu asiyetaka malipo, ataka nini? Swali hili halikuwa la ujinga. Katika nchi iliyozoea misafara ya kuwinda watu, kila mgeni aliyependa watoto alistahili kuulizwa.

Tena neno kujitolea. Twajua ya kuwa latoka katika kutoa, likawa kutolea, yaani kutoa kwa ajili ya mtu, kisha kujitolea, yaani mtu kuitoa nafsi yake kwa ajili ya wengine. Karibu nalo liko neno jingine, kujitoa, ambalo kwa matumizi ya siku hizi lina maana ya kuondoka katika shauri na kuwaacha wenzio. Tofauti yao ni silabi moja. Tutaona ya kuwa katika historia ya nchi hii tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyowagawa walimu: wako waliojitolea hata mwisho, na wako waliojitoa. Nasi twaona ya kuwa kilichowagawa si nguvu ya mwili wala wingi wa elimu, bali ni kukubali au kukataa kupokea kitu kutoka kwa wenyeji.

Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo watu wengi waijua kwa jina la UMCA, ilihamia Unguja mwaka wa 1864 chini ya Askofu Tozer. Kanuni yake ilikuwa hii: mfanyakazi wa Kizungu, awe kasisi, mwalimu au mwuguzi, hapewi mshahara. Hupewa chakula, mahali pa kulala, na fedha kidogo ya nguo na mahitaji. Basi kwa lugha ya leo wote walikuwa walimu wa kujitolea. Mwaka wa 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na misheni ikawa na watu wengi waliookolewa katika majahazi, waliokaa katika shamba la Mbweni. Mwaka wa 1876 Askofu Edward Steere aliwachukua watu zaidi ya hamsini miongoni mwao, waume kwa wake, akashuka nao Lindi, wakaenda bara kwa miguu. Nia yake ilikuwa kuwafikisha mbali zaidi, karibu na nchi walikotekwa. Walakini walipofika Masasi, chini ya vile vilima vya mawe, walikaa hapo, wakajenga kijiji.

Hapa msomaji aangalie sana. Tukisema "walimu wageni wa Masasi" watu hufikiri Wazungu wachache tu. Lakini wale watu wa Mbweni nao walikuwa wageni, tena wengi kuliko Wazungu. Walizaliwa bara, ni kweli, lakini walitekwa wangali watoto, wakalelewa Unguja. Walisema Kiswahili na kuvaa kanzu, wakazoea wali na samaki. Majirani zao Wamakua na Wayao hawakuwaona kuwa ni ndugu waliorudi. Waliwaona kuwa ni watu wa pwani wasio na ukoo. Mzungu alipokosea desturi alisamehewa kwa kuwa ni Mzungu, Mwafrika aliyetoka Unguja alipokosea aliulizwa, "Wewe hukulelewa na mjomba?" Kwa hiyo mzigo wa kuzoea ulikuwa mzito kwao kuliko kwa mtu mwingine, nao ndio wasioandikwa sana.

Jambo la kwanza la kuzoea lilikuwa lugha. Mwalimu aliyefika na Kiswahili chake kizuri cha Unguja alikuta Kimakua, Kiyao, Kimakonde na Kimwera. Kiswahili kilimfikisha sokoni, hakikumfikisha jikoni. Askofu Steere alilifahamu jambo hili mapema. Baada ya kutoa kitabu chake cha Kiswahili mwaka wa 1870, alipiga chapa vitabu vidogo vya maneno ya Kiyao mwaka wa 1871 na ya Kimakonde mwaka wa 1876. Chauncy Maples, aliyefika Masasi mwaka wa 1877, alitoa kitabu cha Kimakua mwaka wa 1879, yaani miaka miwili tu baadaye. Tukiviona vitabu hivi twasifu bidii ya waandikaji. Walakini hapana neno hata moja la Kimakua ambalo Maples alilitoa kwao. Kila neno alipewa na mtu aliyekaa naye, akamrudia mara ya pili na ya tatu, akacheka, akamsahihisha. Hao ndio walimu wa mwalimu, na majina yao hayakupigwa chapa juu ya jalada.

Jambo la pili lilikuwa chakula na maji. Chakula cha nchi hii kilikuwa ugali wa mtama au wa mhogo, na mboga ya kunde, mbaazi, majani na uyoga wakati wa mvua. Na nyama ya porini, hata panya wa mashambani, ambaye kwa Wamakonde na Wamakua ni kitoweo kipendwacho. Wanaume hawakula kila mtu nyumbani mwake. Walikutana barazani, mahali ambapo Wamakonde hupaita chitala, na vyakula vya nyumba zote vililetwa hapo, wakala pamoja. Mwalimu aliyejifungia ndani akala peke yake kwa kisu na uma hakudharau chakula tu. Alikosa baraza, na baraza ndipo habari zote za mji zilipopita: nani mgonjwa, mtoto gani ataolewa, kwa nini watoto wa nyumba fulani hawaji shule.

Na maji yalikuwa shida kuliko chakula. Juu ya uwanda wa Makonde, katika nchi ya Newala, mvua hunyesha vizuri na vichaka ni vinene, lakini maji huzama katika mchanga, wala hakuna vijito. Wanawake walishuka mtelemko mkali hata mabondeni kwenye chemchemi, wakapanda tena na mitungi kichwani, safari iliyokula sehemu kubwa ya siku. Mgeni aliyeoga kila jioni kwa desturi ya kwao, aliyatumia maji ambayo mwanamke mmoja aliyachukua kutoka alfajiri hata jua kupanda. Hakuna aliyemwambia, maana mgeni haambiwi. Waliomwuliza mpishi wao maji yametoka wapi, wakashuka siku moja kuiona ile njia, hawakuoga tena kama walivyooga. Kuzoea kwa namna hii si kuvumilia shida, ni kujua shida yako inabebwa na nani.

Jambo la tatu, ambalo liliwatatiza walimu wengi, ni habari ya mjomba. Wamakonde, Wamakua na Wayao wote huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Baba anapendwa na kuheshimiwa, walakini mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno la mwisho juu yake alikuwa mjomba, ambaye Wamakonde humwita njomba. Mwalimu aliyetoka Ulaya, au aliyesoma kitabu cha desturi za Ulaya, alikwenda kwa baba kuomba mtoto aingie shule. Baba alikubali kwa adabu. Baada ya mwezi mmoja mtoto haonekani. Amechukuliwa na mjomba wake kijiji cha pili kulinda shamba. Mwalimu akaandika katika daftari yake, "Watu hawa hawashiki ahadi." Lakini ahadi ilikuwa haijatolewa bado, maana mwenye kuitoa hakuulizwa. Walimu waliojifunza kumwuliza mjomba, na kukaa naye kitako mpaka maneno yaishe, ndio waliopata shule zenye watoto.

La nne ni majira. Wakati mtama unapoiva watoto hulinda mashamba, kufukuza ndege na nyani mchana, na wazee hulala katika madungu kuwangoja nguruwe. Baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, ndipo jando na unyago. Wavulana huingia kumbini miezi kadha wa kadha, na huko hufundishwa adabu, jina jipya, na wajibu wa mtu mzima. Basi mwalimu aliyefika na kalenda yake ya masomo alikuta kumbe nchi ina shule nyingine, ya zamani kuliko yake, yenye walimu wake, mitihani yake na furaha ya kumaliza. Wengine waliichukia. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka wa 1926 hata 1944, hakufanya hivyo. Alikaa akauliza jando ni nini, kisha akakubali lifanywe chini ya kanisa, yakiachwa yale aliyoyaona hayafai, na mwaka wa 1928 aliandika maelezo ya shauri lake, yaliyosomwa mbali sana na Masasi. Twajua ya kuwa watu walibishana juu yake, na hata leo wako wasemao kuwa jando likishikwa na mgeni si jando tena. Hatutaki kuamua shauri hilo hapa. Twataka kuonyesha jambo hili tu, ya kuwa hakuweza kusema neno la maana juu ya desturi mpaka amekubali kwanza kuwa mwanafunzi wake.

Msomaji asidhani ya kuwa mwenye kuzoea alisalimika na kila baa. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1882 Wangoni, ambao watu wa pande hizi waliwaita Wamagwangwara, walikishambulia kijiji cha Masasi, wakachoma nyumba, wakaua watu na kuchukua mateka. Waliosalia walitawanyika, na Maples akahamia Newala, kwa jumbe Matola wa Wayao, aliyewapokea. Aliyekuja kuwasaidia watu sasa alihitaji kusaidiwa na jumbe wa nchi. Tena mwaka wa 1905, katika vita vya Maji Maji, misheni za Wabenedikto za Lukuledi na Nyangao zilichomwa, na Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Waliopigana hawakutenga mwalimu na serikali iliyowatoza kodi na kuwalazimisha kazi. Ni fundisho zito: mgeni hujulikana kwa tabia yake katika siku za amani, lakini siku ya hasira hubebeshwa mzigo wa serikali itawalayo.

Na vita vya mwaka wa 1914 vilileta fundisho jingine. Wadachi waliwakamata wamisheni wa Kiingereza wakawafunga, wakawapeleka mpaka Tabora, walikokaa hata mji ulipochukuliwa na Wabelgiji Septemba 1916. Baadhi ya walimu Waafrika wa misheni nao walifungwa na kuteswa, wakidhaniwa kuwa wapelelezi. Lakini katika nchi ya Masasi makasisi na walimu Waafrika waliobaki waliishika kazi. Hapo ilionekana wazi ni nini kilichokuwa kimeota mizizi, na ni nini kilichokuwa kimesimamishwa kwa miti tu.

Miongoni mwa waliootesha mizizi hiyo twapenda kumtaja Cecil Majaliwa. Alizaliwa katika Wayao, akatekwa utumwani angali mtoto, akaokolewa Unguja, akasoma Kiungani, kisha akapelekwa Uingereza katika chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury. Mwaka wa 1886 alifanywa shemasi, akatumwa Chitangali, upande wa Newala, kwa jumbe Nakaam. Mwaka wa 1890 akafanywa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Alikaa Chitangali na mkewe Lucy hata mwaka wa 1897. Tufikiri hali yake: mtu aliyeijua baridi ya Canterbury na mawimbi ya Unguja, akae katika kijiji cha bara, mbali na duka, mbali na mwenzake wa kusoma naye, akifundisha watoto waliofanana naye alivyokuwa siku alipotekwa. Alikuwa karibu na asili yake kuliko mwalimu ye yote, na bado alikuwa mgeni. Alikaa miaka kumi na mmoja.

Na wanawake tusiwasahau. Caroline Thackeray alifika Unguja mwaka wa 1877, akasimamia shule ya wasichana ya Mbweni miaka mingi, akastaafu hapo hapo, akafa hapo hapo mwaka wa 1926. Wasichana wa Mbweni waliolewa na walimu, wakaenda nao bara. Kazi yao haikuitwa kazi. Lakini wao ndio waliojifunza kutwanga pamoja na wanawake wa kijiji, wakashuka nao kisimani, wakauguza watoto wenye homa. Na mara nyingi nyumba ya mwalimu ilipokelewa mjini kwa sababu ya mke kabla haijapokelewa kwa sababu ya mume.

Upande wa ziwa, William Percival Johnson, aliyekuja na Steere mwaka wa 1876, alikaa katika nchi hizi hata kufa kwake mwaka wa 1928, miaka hamsini na miwili, ingawa macho yalimharibikia. Na ng'ambo ya Ruvuma, huko Unangu, kasisi Yohana Barnaba Abdallah, Myao aliyesoma Kiungani, aliandika kwa lugha yake mwenyewe kitabu cha habari za kale za Wayao, kilichotolewa mwaka wa 1919. Twamtaja kwa sababu yeye alifanya jambo ambalo mwalimu mgeni hawezi kulifanya: aliwarudishia wenyeji habari zao katika maandiko, kwa maneno yao.

Baada ya vita vya pili walikuja wageni wa namna nyingine. Mwaka wa 1947 serikali ya Kiingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga, na kwa ajili yake ilijengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Walikuja na mitambo mikubwa, wakaigeuza ardhi kabla ya kuwauliza wakulima mvua yake na udongo wake. Mwaka wa 1951 mpango uliachwa, na reli nayo iling'olewa baadaye. Wale hawakuwa walimu, walakini twawaweka hapa ili msomaji apime: fedha nyingi bila kuuliza ilidumu miaka minne, na mtu mmoja asiye na mshahara, aliyeuliza, alidumu hamsini.

Tangu uhuru wa mwaka wa 1961 wamekuja vijana wa kujitolea kutoka Uingereza, Marekani na kwingineko. Wamarekani wa Peace Corps walikuja mwaka ule ule, wakaondoka mwaka wa 1969, wakarudi mwaka wa 1979. Hawa hukaa miaka miwili tu, na hapo ndipo ilipo tofauti kubwa na watu wa zamani. Johnson aliweza kukosea miaka mitano akasahihishwa miaka arobaini na saba. Kijana wa miaka miwili hana nafasi hiyo. Kwa hiyo yampasa kuuliza mapema, na sisi wenyeji yatupasa kusema mapema. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii si ya kumfukuza mgeni. Jembe ni heshima: apewaye jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Tumwachapo mwalimu mgeni akae kitini mwaka mzima, tukamsifu kwa kila jambo, hata Kiswahili chake kibovu, twamnyima jembe lake.

Basi hili ndilo neno letu. Asiyepokea mshahara yuko katika hatari moja kubwa, nayo ni kudhani ya kuwa hadaiwi na mtu. Kumbe amekula ugali wa watu, ameoga maji yaliyochukuliwa na watu, amejifunza lugha kwa vinywa vya watu. Aliyelitambua deni hilo alizoea, akakaa, na kazi yake ikabaki. Asiyelitambua alichoka, akajitoa.

Na sisi wenyeji tuna deni letu. Majina ya maaskofu yameandikwa, na makaburi yao yana mawe. Lakini wale waliomfundisha Maples Kimakua, wale wajomba walioruhusu watoto wa kwanza kuingia shule, wale wanawake wa Mbweni waliokufa bara mbali na bahari, majina yao yako katika vichwa vya wazee wachache, na kila mwaka twawazika wazee. Twawaomba wasomaji wa Masasi, Newala, Chitangali, Lukuledi, Mikindani na huku Mtwara, kila mtu amwendee mzee wa ukoo wake, amwulize ni nani aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa kijiji, alitoka wapi, alipokelewa na nani, na ni nani aliyemfundisha lugha. Mkipata hata jina moja, andikeni, mkataje na kijiji na ukoo, mtuletee.